Mhudumu wa Vifua Vyetu

Alipenda kufika kwenye nyumba za watu wakati chakula kinatengwa. Hakuwa anakosea saa. Angeweza kupita asubuhi mapema, wakati watu wako mashambani na njia haina jua kali, lakini alizunguka zunguka kwanza mpaka aone moshi wa jikoni umepungua, ndipo akaegemeza baiskeli yake kwenye uzio na kupiga hodi. Akikaribishwa ananawa, anakaa chini, anamega ugali wa uwele na kuchovya mlenda kwenye bakuli lilelile la mgonjwa. Kijiji kizima kilimwita Mhudumu, kwa jina la kazi yake. Wengine, akishageuza mgongo, walimwita Mama Sahani.

Siku moja jirani mmoja alimwambia usoni, "Mhudumu, mbona siku hizi afya na njaa vinatembea pamoja?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi sijaja kula, mama. Nimekuja kuonekana ninakula."

Maana yake nilikuja kuielewa nilipougua mimi. Kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kipo senta, kijiji cha ndani huku Iramba, barabara ya vumbi inayotoka Misigiri. Nilikohoa masika yote nikisema ni vumbi, nikakohoa na kiangazi. Mganga mmoja alisema kuna mtu ameninuizia. Mhudumu alileta baiskeli yake kuzibwa pancha, akasimama ananisikiliza ninavyopiga pampu, kisha akanipa kikopo cha makohozi. "Kesho ukiamka, kabla hujala. Kohoa kutoka chini, usinitemee mate." Majibu yalipokuja, yalikuwa kifua kikuu.

Nilianza dawa, na senta ikaanza kunikimbia. Mama ntilie alinitengea bakuli la plastiki, akalitundika nje peke yake kwenye msumari. Wateja waliacha baiskeli na kwenda kusubiri ng'ambo ya barabara. Mhudumu alivumilia siku chache, halafu akaja saa ya chakula cha mchana, wakati benchi zimejaa. Aliagiza sahani moja ya ugali, akaketi nami mbele ya kibanda, tukala wote wawili, na maji akayanywa kwenye kikombe changu. Alipomaliza aliwaambia watu kwa sauti ya sokoni, "Kifua kikuu hakikai kwenye sahani. Kinakaa kwenye hewa ya chumba kilichofungwa. Fundi anameza dawa. Mwogopeni yule aliyejificha nyumbani na kikohozi chake." Kesho yake bakuli la msumari halikuwepo.

Hata hivyo sitamsafisha kupita kiasi. Alipenda kula kweli. Kuku akichinjwa kitongoji cha pili, alijua.

Na kuku ndio waliomsaidia kwa wale waliokuwa na virusi vya UKIMWI. Hao hawakutaka kuonekana naye kabisa, kwa sababu mhudumu akiingia kwako mara mbili, mara ya tatu majirani wameshajua unameza nini. Kwa hiyo alijifanya mnunuzi wa kuku wa kienyeji. Alisimama uani akibishana bei kwa sauti kubwa, akimpindua kuku miguu juu, akimpuliza manyoya, na katikati ya mabishano alishusha sauti na kuuliza, "Vidonge umemeza jana? Umebakiwa na vingapi? Kliniki unakumbuka?" Halafu anapandisha tena: "Kuku gani huyu, mifupa mitupu!" Na anaondoka bila kununua. Kulikuwa na mama mmoja kitongoji cha juu ambaye mtetea wake alizeeka akiwa sokoni. Mume wake hakujua lolote, ila alichoshwa na kelele. Siku moja akatoka ndani akamkamata yule kuku akamtia Mhudumu mikononi: "Mchukue! Kwa bei yako! Mtupumzishe!"

Mhudumu akalazimika kumchukua. Wiki iliyofuata alirudi na kuku yuleyule kwapani, akilalamika njia nzima kwamba ameuziwa kuku asiyetaga. Biashara ikaanza upya. Yule mama sasa anaisimulia mwenyewe kwenye mikutano, mume wake akiwa amekaa pembeni, ndiyo sababu nami ninaisema.

Uongo wa namna hiyo haukumsumbua hata kidogo, na Jumapili alikuwa kanisani benchi la mbele, akiimba sauti ya pili. Mimi ni Mwislamu, nilimtania kwamba dini yake ina uongo wa halali. Alinijibu, "Mungu akiniuliza nitamwambia akamuulize kuku."

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa na miiba. Mtu aliyeacha dozi alisemwa mbele ya mkewe, mbele ya wakwe, popote alipokutwa. Kuna mzee alikuwa analala kwenye nyumba ya tembe, chumba cha ndani kabisa, giza mchana, wajukuu wamelala naye. Mhudumu aliomba dirisha litobolewe. Akaomba tena. Watoto wa mzee walisema nyumba ya baba haitobolewi, dirisha linaingiza wezi na baridi. Alikwenda siku wakiwa shambani, akaazima mtaimbo kwangu bila kuniambia wa nini, akavunja ukuta. Nilipofika niliona mwanga umeingia mpaka kitandani, mzee ameketi anaushangaa mkono wake mwenyewe, na Mhudumu amejaa udongo hadi nyusi.

Alipelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Akaamriwa aombe radhi na akandike vizuri kingo za lile tundu. Alikandika akiimba. Radhi hakuomba.

Jambo lililompa heshima kijijini ndilo hilo hilo lililokuja kumuumiza. Miaka mingi nyuma, kabla hajapewa kazi hii, watu wetu walikuwa wanakufa kimya kimya na kila msiba ulikuwa na jina lingine: tumbo, kichomi, mdudu. Mume wake alikufa hivyo. Kwenye mkutano wa kijiji, mgeni kutoka wilayani alipouliza kama kuna mwenye swali, alisimama yeye.

"Sina swali," alisema. "Mimi ninaishi na virusi. Sikuvipata barabarani. Nimevipata ndani ya ndoa yangu, ya kanisani, na cheti ninacho. Ninameza dawa na mnaniona ninalima. Mwenye mume, mwenye mke, akapime."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alimsogeza mtoto wake. Lakini siku ya kupima ilipofika zahanati ilijaa mpaka nje, na watu wengi wanaotembea leo kijijini walianzia kwenye foleni ile. Alisema kwa ajili yetu wote. Na nyuma, kati ya watoto wa shule walioletwa kuimba, alikuwepo mwanawe wa pekee, Elia. Mimi nilimwona akiinuka na kuondoka uwanjani, akitembea taratibu, mikono imenyooka ubavuni kama askari.

Elia alipomaliza darasa la saba alikwenda machimbo ya dhahabu na hakurudi ila kwa misiba. Mhudumu hakumtaja sana. Ukimuuliza, "Elia hajambo?" alijibu, "Yuko anachimba," akauliza habari ya kifua chako.

Elia alirudi mwaka juzi, mwanzo wa kiangazi, akashuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda changu amevaa koti zito kwenye jua la saa saba. Alinisalimu, "Shikamoo, Fundi," akaishika meza yangu kwa mikono miwili mpaka kikohozi kilipokwisha.

"Mama yupo?"

"Yuko vitongojini. Jioni atapita."

"Afadhali," alisema, akakaa.

Mhudumu alipofika hakumkimbilia. Alisimama na baiskeli yake hatua chache kutoka kwetu, akamwangalia shingo, akamwangalia mifupa ya mabega, akasikiliza pumzi. Nilimjua. Ndivyo alivyotuangalia sisi sote.

"Usiniangalie hivyo, mama," Elia alisema. "Mimi si mgonjwa wako. Mimi ni mwanao."

Kesho yake alimpa kikopo, na Elia akakirusha nje ya uzio. Nilisikia kwa Mhudumu mwenyewe, nikiwa ninamkazia mnyororo. Hakulia. Alikuwa anauangalia mkono wangu ukifanya kazi. "Vijiji vyote hivi vimenitemea kwenye kikopo, Fundi. Wa tumbo langu amekitupa. Nenda wewe ukamwambie. Wewe ni mwanaume, halafu umepona."

Nilikwenda. Elia alikuwa amelala kwenye mkeka nje, upande wa kivuli. Nilimweleza yangu yote, kukohoa, mganga, vidonge. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu, kisha akaniuliza, "Unajua shuleni waliniitaje? Dozi. Dozi amefika, Dozi kakosa hesabu. Mama alisimama akasema mambo yake mbele ya watu. Ni haki yake, ni mwili wake. Ila kesho yake aliyekwenda shule ni mimi."

Nikamwambia safari hii hakuna atakayejua.

"Mama yangu?" Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi. "Atakaa na mimi barabarani tule sahani moja watu waone."

Kabla sijaondoka aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mama yake. Huko machimbo alishapimwa kifua kikuu. Alishaanzishiwa vidonge, akapata nafuu, shimo likahama na yeye akahama nalo, vidonge akaviacha. Akarudia tena, akaacha tena. Akaniomba nisimwambie mama. Nilimwambia nitamwambia, kwa sababu hilo si la kuficha, naye akafumba macho, hakunikatalia.

Nilipomwambia Mhudumu alikaa chini pale pale, kwenye udongo wenye grisi. Alijua maana yake. Vidonge vilivyoachwa katikati vinamfundisha mdudu kuishi navyo. Alinong'ona kwa Kinyiramba maneno ambayo mtu humwambia mtoto aliyeanguka.

Ni wakati huo huo ndipo ikaja habari kwamba mradi umesimama. Wahudumu wa kata waliitwa zahanati, akaja bwana mmoja mwenye huzuni ya kweli usoni, akawaambia kwamba wafadhili wameondoka, hakuna tena posho, na pikipiki iliyokuwa inapita kukusanya makohozi haitapita. Aliwashukuru. Mhudumu alinyoosha mkono.

"Nauliza, baba. Na wagonjwa nao wamesimamishwa?"

Yule bwana aliwashukuru tena.

Wenzake wengi walirudi mashambani, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye aliendelea. Asubuhi vitongojini, mchana nyumbani kumpikia Elia uji ambao hakuumaliza. Nilitengeneza baiskeli yake kila ilipokatika, na ilikatika sana, maana sasa ilibeba vikopo vya watu wote mpaka hospitali ya mbali, vimefungwa kwenye ndoo yenye vitambaa vilivyoloweshwa maji.

Kisha asubuhi moja Elia alikohoa damu kwenye ungo wa mtama uliokuwa unaanikwa. Alimwita mama yake, akamwomba kikopo mwenyewe.

Mhudumu alikipeleka kwa baiskeli, peke yake, upepo wa kiangazi ukimpiga usoni njia nzima. Huko alikuta vifaa vya mashine ya kupimia vimekwisha, akaambiwa asubiri. Alisubiri. Alirudi nyumbani, akaenda tena, wakamwambia kile kikopo hakifai tena, alete kingine. Akaleta kingine. Kipimo kilipopatikana mwishowe, jibu lilikuwa lile alilolijua: kifua kikuu sugu, na matibabu yake hayapo huku kwetu. Elia apelekwe hospitali kubwa. Gari litatafutwa. Daktari kijana aliyempa majibu alimshika mkono na hakuuachia kwa haraka.

Gari lilikuwa linatafutwa bado siku Elia alipomwambia mama yake, "Leo kaa. Usiniambie habari ya dawa. Kaa tu." Nilikuwa nimepeleka maziwa, nikawakuta. Madirisha yote wazi, pazia limefungwa fundo ili upepo upite, na Mhudumu ameketi kwenye kigoda, mkono wake juu ya mguu wa mwanawe. Alikuwa anamsimulia jinsi alivyozaliwa mvua ikinyesha na mkunga akateleza tope. Elia alitabasamu. Mama yule, ambaye hakuwahi kumaliza salamu bila kuuliza vidonge, hakutaja kidonge siku nzima. Elia alikufa kesho yake asubuhi, jua limeshachomoza.

Mazishi yalikuwa makubwa. Walikuja watu wa vitongoji vyote, walioponea mikononi mwake na watoto waliozaliwa salama kwa mama zao wenye virusi. Walijipanga kumpa mkono wa pole, mstari ukazunguka nyumba. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliutazama ule mstari.

"Wote hawa wamepona," alisema.

Kuna wanaosimulia maneno hayo kama shukrani. Mimi niliisikia sauti yake. Haikuwa shukrani.

Baada ya arobaini hakuonekana vitongojini tena. Watu walimfuata nyumbani, akawasikiliza mlangoni, akawaambia waende zahanati. Mama wa kitongoji cha juu alijikaza, akawa anakwenda kliniki mwenyewe mchana kweupe, na siku ya kwanza ndiyo aliyomweleza mume wake. Si wote walioweza. Kijana mmoja muuza alizeti aliacha dozi yake, tukamzika. Mzee wa tembe, aliyekuwa amepona kifua, alikuwa anauliza kila apitaye, "Yule mwanamke mkorofi yuko wapi?" Mwishowe Mhudumu alifunga nyumba, akahamia Misigiri kwa dada yake mwenye duka la vyakula.

Niliongea naye kwa simu mara chache. Alikuwa anasema yuko salama, na mtu anaposema hivyo kwa haraka unaelewa.

Mwezi uliopita nilikwenda Misigiri kutafuta tairi na spoku. Nikapita dukani kwa dada yake. Mhudumu alikuwa ukumbini nyuma ya duka, anapeta mchele, na sikumtambua kwanza. Mashavu yalikuwa yameingia. Kitenge alichojifunga kilikuwa kinamzunguka mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fundi. Baiskeli zinasemaje?"

Kabla sijajibu alikohoa, akageuza uso ukutani kama alivyotufundisha. Nilisubiri mpaka alipotulia. Nilijua kikohozi kile, na alijua kwamba ninakijua.

"Tangu lini?"

"Ni vumbi la mchele."

"Mama. Vidonge vyako unameza?"

Aliendelea kupeta. Makapi yaliruka yakatua kwenye nguo yangu. Nikauliza tena, na safari hii aliweka ungo chini.

"Niliacha tulipomzika Elia," alisema. "Nilikaa na kopo mkononi nikajiuliza, hivi ninameza ili nifike wapi? Nikaliweka kabatini. Usinipe maneno, Fundi. Maneno yote unayotaka kuniambia ni ya kwangu, nimeyatunga mimi."

Niliingia dukani nikamwambia dada yake ukweli, kwa kuwa alikuwa ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Dada mtu alifunga duka bila kuvua aproni. Tulimchukua mmoja huku na mmoja huku, tukatembea naye mpaka kituo cha afya. Alikuwa mwepesi. Njiani alitutukana wote wawili kidogo, na nilifurahi kusikia.

Walimpima. Alikohoa kutoka chini, bila kufundishwa. Kifua kikuu kilikuwepo, cha kawaida, kile kinachotibika, na virusi vilikuwa vimepanda sana. Muuguzi alimweleza kwa upole ataanza dawa gani na gani, na kwamba lazima awepo mtu wa kumsimamia, amwone anameza kila siku. Dada yake alisema yeye hushinda sokoni kununua mizigo, ila atajitahidi. Mimi nilisema nitakuwa ninapiga simu kila asubuhi.

Mhudumu aliinua macho. "Simu haioni mtu akimeza," alisema.

Lakini alimeza. Nilimwona kwa macho yangu, vile vya kwanza, kimoja kimoja, kwa maji ya uvuguvugu. Nilipoaga nilimwambia kesho. Alijibu, "Kesho sijui, Fundi. Leo nimemeza kwa sababu mmechoka kunibeba."

Nimekuwa nikipiga tangu siku hiyo, kabla sijafungua kibanda. Kuna asubuhi anapokea na kusema, "Nimemeza, niache," na ninasikia bomba la maji nyuma yake, ninaamini. Kuna asubuhi anapokea dada yake na kusema amelala. Juzi alipokea mwenyewe, nikamsikia anapumua tu, kisha akakata.

Leo imeita mpaka mwisho. Nimepiga kwa dada, haipatikani. Nimepiga tena kwake, imeita mpaka mwisho. Kuna baiskeli za watu tatu hapa zimelala magurudumu juu, wenyewe watanisamehe. Nimeingiza spana ndani, nimefunga kufuli, na nimesimama kando ya barabara ninasubiri gari la Misigiri.